Bapa la bega limetokeza

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 ana uti wa mgongo uliopinda. Bapa la bega la kulia limetokeza, na akianika nguo mkono huchoka upesi. Bega lina kasoro? – Mama N., Moshi

JIBU: Pole, mama. Mara nyingi chanzo si bega. Uti ukipinda hujizungusha pia, ukisukuma mbavu nyuma. Bapa hukaa juu ya mbavu hizo, hivyo nalo huinama, na misuli inayolishikilia huvuta vibaya mkono unapoinuliwa.

Asimame akielekea ukuta, viganja usawa wa mabega, viwiko vimenyooka. Bila kukunja viwiko, asukume ukuta mpaka mgongo wa juu urudi nyuma kidogo, ahesabu hadi 5, alegeze. Mara 10, kisha apumzike na kurudia. Mabega yakipanda masikioni, shingo ndiyo inayofanya kazi, aanze upya.

Zoezi hili husaidia mkono, halinyooshi uti. Mpeleke kliniki ya mifupa, kwa mfano hospitali ya KCMC hapo Moshi, apigwe eksirei akiwa amesimama. Mpindo wa uti wa nyuzi 25 hadi 40 (pembe inayopimwa kwenye eksirei) kwa mtoto anayekua kwa kawaida huhitaji mkanda mgumu wa mgongo. Tafadhali usingoje avunje ungo: kabla ya hapo ndipo mpindo huweza kuongezeka haraka. Akipata ganzi mkononi au miguu kulegea, nendeni siku hiyohiyo.