Boti ya kuvulia ndani ya mwamba: tazama kwanza itakapolala

Ndugu yangu wa Bamburi, salaam. Umeuliza kama uchukue ile faiba ya futi 22 unayouziwa, yenye tumbo la V na mashine ya hospawa 40, ama umpe fundi kazi akuundie boti ya mbao. Umesema utavua tafi na changu ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, pamoja na mwanao, na mara mojamoja mtoke nje kufuata kolekole. Wengi wamekujibu kwa kulinganisha mashine. Mimi naanza na swali ambalo hujaulizwa: boti hiyo italala wapi?

Boti ya mvuvi wa huku huwa kazini muda wa saa tano au sita kwa siku. Saa zilizobaki iko kwenye nanga. Na Mombasa, bamvua kubwa, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupandisha na kushusha maji karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa alfajiri, na ikifika saa tano asubuhi pale ulipoiacha boti ikielea utakuta mchanga, majani na mawe. Itapwelewa, yaani itabaki nchi kavu, utake usitake, mchana na usiku, siku kadhaa kila bamvua. Tumbo lake ndilo litakaloamua itapwelewa vipi.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa faiba ya futi 19 yenye V kali, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nikaitia nanga mbele ya ufuo, upande wa Nyali. Ilikuwa wakati wa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, ikawa inaelea usiku na mchana, nami nikaridhika. Ikaja bamvua ya mwezi mpevu. Siku hiyo nilikuwa na shughuli mjini, nikarudi saa nane na maji yameshaanza kujaa. Boti ilikuwa imelala ubavu wa kushoto, mkuku, ule uti wa chini ya boti, umekaa juu ya mchanga mgumu na ukingo umezama kwenye kishimo kilichochimbwa na mkondo. Maji yalikuwa magotini. Nikasimama pembeni nikisubiri iinuke. Haikuinuka. Maji yalifika kwenye ukingo kabla boti haijapata nguvu ya kuelea, yakaanza kuingia ndani taratibu, bila kelele, kama mtu anayemimina kutoka kwenye karai. Muda si muda tangi la petroli lilikuwa linaelea humo ndani, na mashine imezama mpaka kwenye kifuniko. Tulikuwa wawili, tukashika ukingo na kuvuta kwa nguvu zetu zote, lakini boti iliyojaa maji haiinuliwi na watu wawili. Tukairudia karibu na saa sita usiku maji yalipopwa tena, tukafua maji kwa ndoo huku tukimulika kwa simu.

Mashine ile ilikuwa ya kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi papo hapo, plagi zitolewe, silinda zimwagwe maji na kutiwa oili, kisha iwashwe. Mimi nilikaa siku mbili nikitafuta fundi. Alipoifungua, bearingi zilikuwa zimeshashika kutu.

Hatua chache kutoka pale palikuwa na ngalawa ya mzee mmoja, imekaa wima juu ya matengo yake, zile mbao za pembeni kila upande, kavu, na dema za kutegea samaki zimepangwa ndani. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wetu waliunda ngalawa vile. Matengo huizuia isipinduke ikiwa majini, na maji yakitoka huizuia isilale ubavu.

Zile boti za Marekani ulizozitaja, boti za ghuba, ni boti nzuri kwa maji yake. Nyingi ni za futi 18 hadi 24, zina V ya wastani mbele inayopungua kuelekea nyuma, usukani uko katikati, ukingo ni wa chini, na kuna jukwaa omoni (mbele) na tezini (nyuma) la kusimama ukirusha mshipi. Hazili maji mengi. Lakini zimeundwa kwa ajili ya ghuba za Florida na Texas, ambako kupwa na kujaa hakufiki hata mita moja sehemu nyingi, na jioni mwenyewe huipandisha kwenye trela akaenda nayo nyumbani. Ukichukua kutoka kwao, chukua sakafu iliyo wazi na tumbo lisilokula maji. Ukingo wa chini waachie wenyewe, maana hapa upepo wa kusi ukivuma utalowa mpaka kifuani.

Na hilo la kusi wengi hawalielewi mpaka walione. Watu hudhani ndani ya mwamba kuna utulivu wakati wote. Maji yakiwa yametoka, ndiyo, mwamba unayavunja mawimbi na wewe unavua kwa raha, ila maji ni haba. Maji yakijaa, mwamba unafunikwa na wimbi linapita juu yake, halafu upepo unaongeza yake. Unapata mawimbi mafupi, yamesimama, yanafuatana. Boti bapa kabisa itapiga tumbo kila wimbi mpaka mwanao alalamike mgongo. Kwa hiyo tumbo ninalokushauri ni la kati: omo yenye V ya kukata wimbi, na kuanzia katikati kurudi tezini bapa la kutosha kuiwezesha boti kukaa. Yangu ya sasa ni faiba ya futi 17 ya namna hiyo, na fundi ameiongezea mikuku miwili midogo pembeni, mmoja kila upande, yenye urefu wa kama hatua mbili. Maji yakitoka inakaa juu ya mkuku wa kati na hiyo miwili, wima, na faiba ya tumboni haisuguliwi na mawe. Kama ukichukua ile ya V, basi uwe na gadi nne imara za kuiegemeza isilale ubavu, na mtu wa kuzitia kila bamvua. La sivyo, ilaze mahali pasipokauka, kama ndani ya mkono wa bahari wa Mtwapa au Tudor, kwenye boya. Hapo utagharimika petroli ya kwenda na kurudi, lakini boti haitagusa chini.

Kuhusu mashine sitasema mengi. Kwa boti ya futi 17 na watu wawili ndani ya mwamba, hospawa 15 inatosha, na hunywa lita 6 au 7 kwa saa ikifunguliwa yote. Hiyo 40 ya mipigo miwili itakunywea 15 na zaidi. Futi 22 haitakwenda kwa 15, najua, na ndiyo sababu nyingine ninayoona boti hiyo ni kubwa kwa kazi uliyoitaja. Kitu cha kupima kwa futi kamba ni mguu wa mashine. Kuna mguu mfupi wa inchi 15 na mrefu wa inchi 20, na kibao cha tezi kinachobeba mashine lazima kilingane nao. Mguu mrefu kwenye kibao kifupi utakwangua mawe kila siku. Mguu mfupi kwenye kibao kirefu, propela itavuta hewa na boti haitasukumwa.

Na kibao hichohicho ndicho kinachowaliza wanunuzi wa faiba iliyotumika. Kwa nje unaona faiba, ndani ni mbao. Maji yakipenya kwenye tundu za bolti, mbao inaoza na rangi juu yake inang'aa tu. Nenda na nyundo ndogo. Gonga kibao chote kwa mpini, kuanzia juu mpaka chini. Penye uzima pana sauti kali, palipooza panaitika kwa sauti nzito, kama unagonga kiazi kilichochemshwa. Kisha inua mashine, uubinye mguu wake kwa uzito wako, na mwenzako aangalie kibao. Kikicheza, usilipe hata shilingi ya rubuni. Mwombe pia muuzaji afungue bolti moja. Ukitoka unga mweusi wenye unyevu, umeshapata jibu. Mimi yule aliyeniuzia aliniambia kibao ni kipya, nikapokea neno lake. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya.

Mbao usiidharau. Fundi mzuri wa mvule atakuundia boti itakayokaa mchangani vizuri na inayorekebishwa palepale ufuoni bila kutafuta dawa za faiba. Lakini mbao inataka mtu wake. Lazima uipandishe mara kwa mara, uikague kalafati (pamba inayoziba nafasi kati ya mbao), uipake dawa tumboni kabla wadudu hawajaitoboa. Ukisema utakuwa baharini Jumamosi na Jumapili tu, na siku nyingine uko kazini, mbao itakushinda si kwa ubaya wake bali kwa kukosa mkono wako. Kwako wewe naona faiba, ila si hiyo.

Kabla hujatia mshipi majini, kumbuka kwamba mbele yenu pale kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Ndani ya eneo la paki (marine park) hairuhusiwi kuvua kabisa, na pembeni yake, kwenye hifadhi inayoizunguka, ni kwa zana za asili kama mshipi na dema. Nenda kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, wakuonyeshe mipaka yake kwa macho, ujiandikishe hapohapo. Boti itakaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) ndipo ipate leseni, na wataulizia jaketi za kuokolea. Ya mwanao inunue ya kipimo chake, uifunge na umwinue kwa mabega ya jaketi. Ikimpanda masikioni, ni kubwa.

Sasa usimpe mtu pesa wiki hii. Ngoja bamvua ijayo, ushuke ufuoni saa tano asubuhi, utembee mpaka pale unapotaka kutia nanga. Tazama kama ni mchanga mtupu ama kuna mawe, na kama mkondo umechimba vishimo. Kisha nenda kwa muuzaji na nyundo na futi kamba, pima kibao kuanzia juu mpaka chini ya tumbo, uniandikie hapa kipimo hicho pamoja na urefu wa mguu wa mashine. Nitakuwepo jioni baada ya Isha, nitakujibu.