Ni bure, sasa ruhusa ya nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Sisi kina mama wa Likoni twataka kuonyesha dokumentari za wanawake bure pale maktaba ya umma, tumeambiwa lazima ruhusa. Si ni bure lakini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bure ni kwa mtazamaji, haki ya mwenye filamu iko palepale, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haiishii kwenye kiingilio, kwa hivyo mwandikieni mwenyewe mapema mumweleze ni maktaba na hamchukui hata shilingi. Muulizeni pia kama imeshaainishwa na bodi ya filamu, KFCB.

Mimi ningeanza na The Letter ya 2019, Maia Lekow aliiongoza pamoja na Christopher King, ni huku huku Pwani, bibi mzee asingiziwa uchawi na watu wake mwenyewe, wallahi inauma. Msiikimbize, mkimaliza acheni nusu saa watu wazungumze, hasa mabibi.

Anzeni saa nane mchana ili wa Likoni wawahi feri kabla ya magharibi. Na madirisha yazibeni kwa leso mbili mbili, moja yapitisha jua na picha yafifia ukutani.