Mdogo wako hadeki: kuishi na mgonjwa wa siliaki huku kwetu Kusini

Dada wa Nachingwea, umeuliza umsaidieje mdogo wako aliyekutwa na siliaki, maana mawifi zake wanasema anadeka kwa kukataa maandazi. Hadeki. Mimi niko Mtwara mjini, namlea binti wa marehemu kaka yangu mwenye ugonjwa huohuo, kwa hiyo nakujibu kwa yale tunayoyaishi.

Waeleze hivi hao mawifi. Ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano) zina protini inayoitwa gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinaharibika, mtu anakula vizuri lakini mwili haupati kitu. Hapo ndipo zinapotoka kuharisha, tumbo kujaa, damu kupungua kila mara, mtoto kudumaa. Duniani inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100, na wengi hawajijui. Dawa hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Binti yetu alipokonda, mtaani walisema mengi. Kuna waliosema karogwa, na kuna walionong'ona kuhusu VVU mbele yake. Alitibiwa minyoo, akatibiwa taifodi, akameza vidonge vya kuongeza damu, inapanda kidogo inashuka tena. Maneno yale yalimuumiza kuliko tumbo. Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kumwamini na kumsemea, ili asilazimike kujitetea kila penye sahani.

Kwa chakula, sisi tumejaliwa. Ugali wa muhogo, wali, mtama, mbaazi, njugu mawe, ming'oko, samaki, korosho, vyote hivyo havina gluteni. Kazi ipo kwenye ngano iliyojificha. Changu anaonekana salama kabisa, kumbe mpishi kampaka unga wa ngano asigande, au kamkaanga kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wanaochanganya ngano, basi uliza kwanza. Unga wa uji wa lishe nao soma pakiti. Bia ya shayiri haimfai. Sisi tuna karai lake na mwiko wake, na makopa, yaani muhogo mkavu, tunayatwanga wenyewe kinuni, kwa sababu mashine ya mtaani husaga hata michanganyiko yenye ngano na unga unabaki ndani. Najua inaonekana kama kujitesa, lakini chembe kidogo tu inatosha kuamsha ugonjwa, hata siku asipojisikia vibaya.

Shughulini ndiko kwenye mtihani. Kwetu mgeni akikataa chakula anaonekana kadharau, na mwenye shughuli hukazana: "Onja kidogo tu, mwanangu." Nimezoea kwenda jikoni mapema, nazungumza na mama mpishi, binti anapakuliwa pilau kabla miko haijachanganywa. Wakati wa futari anakula muhogo na magimbi, tambi anaziacha kwa sababu ni ngano. Kama ninyi ni Wakatoliki, mzungumze na paroko: hostia, ule mkate wa komunyo, ni ya ngano, na Kanisa linaruhusu mwenye ugonjwa huu kukomunika kwa divai peke yake. Ni vema kikombe chake kiwe kile ambacho hakijatumbukizwa kipande cha hostia. Mwambieni mapema, msisubiri foleni ya altareni.

Mwanzoni asikate tamaa. Utumbo unachukua miezi kupona, kwa watu wazima hata miaka, na damu iendelee kuangaliwa hospitali.

Umegusia pia kwamba wewe mwenyewe damu yako haikai. Usilipuuze hilo. Ugonjwa huu unafuata ukoo: kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, uwezekano ni kama 1 kati ya 10. Mwambie daktari kuwa mdogo wako anao na uombe kipimo cha damu cha siliaki. Kikionyesha dalili, huwa wanaingiza kamera na kuchukua kinyama cha utumbo. Lakini usiache ngano kabla hujapimwa, hata kwa kumwonea huruma mdogo wako, maana majibu yanaweza kutoka safi ilhali unaumwa. Endelea na chapati zako mpaka vipimo viishe.