Maria Callas kama mwalimu wa sauti

Umeuliza kama mwimbaji mkubwa wa opera anaweza pia kuwa mwalimu mzuri. Kwa Maria Callas, naamini jibu ni ndiyo. Alipofundisha katika chuo cha muziki cha Juilliard, New York, mwaka 1971 na 1972, hakuwataka wanafunzi waige sauti yake, bali aliwarudisha kwenye maneno na noti alizoandika mtunzi, akisisitiza matamshi na maana ya kila kifungu kabla ya mapambo yoyote ya sauti. Nidhamu hiyo aliipata ujanani huko Athens kwa mwalimu wake wa uimbaji, Elvira de Hidalgo, ambaye darasani kwake alishinda kutwa akisikiliza hata masomo ya wenzake, na naona hapo ndipo sikio lake lilipofunzwa hasa.