Kalsiamu Inapokataa Kupanda Kwenye Tangi la Matumbawe

Kwa wiki tatu nilitia kalsiamu kwenye tangi langu, na kila nikipima nakuta ileile: miligramu 360 kwa lita. Nikaongeza dozi. Hita ikavaa ganda jeupe, pampu ikaanza kunguruma, mchanga ukagandana mabonge. Kalsiamu ilikuwa inaingia kweli, ila ilikuwa inageuka chokaa kabla matumbawe hayajaipata.

Kosa langu lilikuwa kupima kitu kimoja. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti, kwa hiyo likichukua kalsiamu huchukua na kaboneti, na hiyo kaboneti ndiyo tunayoifuatilia tunapopima alkalini. Kwa kila miligramu 20 za kalsiamu zinazotumika katika lita moja, alkalini hushuka takriban dKH 2.8 (dKH ni digrii tunazopimia alkalini). Maana yake, kalsiamu ikipungua kidogo tu, kiasi ambacho vipimo vya nyumbani havikioni, alkalini imeshaonyesha. Siku hizi napima alkalini mara tatu kwa wiki na kalsiamu mara moja. Nataka alkalini ikae kati ya 8 na 9 bila kurukaruka, kwa sababu matumbawe huumizwa haraka zaidi na kuyumba kwake. Wakati ule ilikuwa imefika 12, kwa unga wa kupandisha alkalini niliokuwa natia bila kupima.

Kisha kuna magnesiamu, nami sikuwa nimeipima hata mara moja. Baharini ni karibu miligramu 1,300 kwa lita, na ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti zisishikane ovyo majini. Kwangu ilikuwa 1,080! Nilisimamisha dozi zote, nikaacha alkalini ishuke yenyewe, nikapandisha magnesiamu taratibu kwa siku kadhaa. Niliporudi kwenye kalsiamu ilipanda, ikatulia kwenye 420.

Kabla ya hayo yote, lakini, pima chumvi. Maji ya bahari yenye chumvi sehemu 35 kwa elfu yana kalsiamu kama 410 hadi 420. Chumvi ikiwa 31, utasoma kama 370 na kudhani kalsiamu imepungua, kumbe maji ni mepesi tu. Rekebisha chumvi, kalsiamu itafuata.

Kama kweli imepungua, piga hesabu. Kalsiamu kloraidi ya kawaida, ile ya chembe zenye maji ndani yake, ina kalsiamu asilimia 27, kwa hiyo gramu 7.3 katika maji lita 100 hupandisha kalsiamu kwa miligramu 20 katika kila lita. Mimi sizidishi hapo kwa siku moja. Hesabu maji halisi, maana mawe na mchanga vimekula nafasi. Yeyusha kwanza kwenye maji yaliyochujwa, mimina taratibu penye mkondo mkali, na dawa ya alkalini itie kwa wakati mwingine. Zikikutana kabla hazijasambaa utaona wingu jeupe, na wingu hilo ni kalsiamu uliyopoteza.

Tangi dogo la matumbawe laini huenda lisihitaji dozi kabisa. Kubadilisha maji kwa chumvi nzuri kunatosha. Matumbawe yenye mifupa migumu, hasa aina ya akropora zinazokua kwa kasi, hula kalsiamu kila siku. Kwa hayo napenda maji ya chokaa, yaani kalsiamu haidroksaidi, kwa sababu hutoa kalsiamu na alkalini kwa uwiano uleule matumbawe yanaoutumia. Nayadondosha usiku kufidia maji yaliyovukiza, saa ambazo pH ya tangi hushuka. Pole pole sana: pH ya maji hayo inapita 12, yanachoma ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani.

Na ukipata namba ya kushangaza, angalia tarehe ya mwisho ya kipimo chako, urudie kwa kipimo kingine, ndipo uguse maji.