Fundi Nijibu: Land Rover ya babu inakula oili, nibadili ringi tu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 ya mwaka 1967, injini ya petroli ile ya cc 2286, aliiacha babu na sasa mimi ndo nahangaika nayo. Inakula oili balaa, Iringa mpaka Mafinga naongeza karibu lita nzima, na nikiiwasha asubuhi jirani anafunga madirisha kwa moshi wa bluu. Nimepima kompresheni (presha ndani ya silinda, kwa psi) nikapata 95, 90, 105 na silinda namba nne 65, nikatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ikapanda mpaka 110. Fundi wangu anasema tununue ringi mpya, zile pete za kuzunguka pistoni, tupige msasa silinda turudishe, kuchonga silinda kuzipanua ni kutupa hela. Mwingine kaniambia bloku imekufa nitafute injini ya Toyota niitumbukize. Nimsikilize nani? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili waache kwanza, maana hakuna hata mmoja aliyepima. Hicho kijiko cha oili kimekupa nusu ya jibu: ingekuwa valvu ndo zinavujisha presha isingepanda hivyo, kwahiyo shida iko kwenye ringi na ukuta wa silinda.

Sasa toa hedi (kifuniko cha juu cha injini), toa sampu (bakuli la oili la chini), chomoa pistoni, halafu pitisha ukucha juu kabisa ya silinda namba nne. Utakwama kwenye kangazi kadogo. Hapo ringi huwa haifiki ndo maana chuma bado kipo, chini yake kidogo ndo kumeliwa kuliko kote, kwa sababu moto na presha viko hapo na oili inafika kwa shida. Ringi mpya ina kona kali, ukiirudisha hivyo hivyo itagonga hako kangazi mpaka ivunjike, au ipasue pistoni. Na hata isipovunjika, ringi ni duara na silinda yako imeshakuwa yai, maana pistoni inasukuma ukuta upande mmoja kuliko mwingine. Msasa wa mkono hautoi uyai, unang'arisha tu.

Kama huna geji ya kupimia ndani ya silinda kuna njia ya zamani ambayo mi bado naitumia. Chukua ringi moja, iingize silinda, isukume na pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake mbili kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) pale chini kabisa ambapo hapajaliwa, kisha pale chini ya kangazi. Toa kipimo cha chini kwenye cha juu, gawa kwa 3.14. Tuseme chini umepata milimita 0.50 na juu 1.40, tofauti ni 0.90, silinda imepanuka karibu milimita 0.29. Hiyo ni ya kuchonga, hakuna mjadala.

Injini yako kiwandani haikuwekwa slivu (bomba la chuma linaloingizwa kwenye bloku liwe ukuta wa silinda), silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe, kipenyo milimita 90.47. Pistoni za kuzidisha (nene kuliko za kiwandani) zipo za inchi 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Silinda mbovu kuliko zote ndo inaamua, na zote nne zinaenda saizi hiyo hiyo. Babu kama alishachonga mara mbili tatu (soma namba iliyogongwa juu ya pistoni) na nafasi imeisha, bado bloku haijafa, inatiwa slivu kavu (isiyogusa maji) na kurudishwa standadi. Ila mwambie fundi mchongaji aikague nyufa kabla hujalipa.

Halafu nakuomba hili, NUNUA PISTONI KWANZA ndo upeleke bloku. Fundi mchongaji apime pistoni zako mwenyewe, achonge kuzifuata, abakishe kidogo kwa ajili ya honi (si ya kupigia watu barabarani, ni mawe yanayozunguka na kuacha mikwaruzo ya kupishana ambayo ndo inashika oili). Mimi niliwahi kuchongewa bloku pistoni zikiwa bado njiani, zilipofika zikacheza ndani kama punje kwenye debe.

Ikirudi usiioshe kwa petroli, inasukuma unga wa mawe uingie kwenye ile mikwaruzo. Maji ya moto na sabuni ya unga, brashi, suguaaa, kausha, futa na kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka cheusi rudia. Kikitoka cheupe paka oili hapo hapo, chuma hicho kikiwa kitupu kinashika kutu unakiangalia.

SWALI: Mzee, na Peugeot 404 nayo inachongwa hivyo hivyo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hiyo gari iliyobeba Safari Rally 1963, tena 1966, 67 na 68 mfululizo, haikusumbui hivyo. Ina slivu za maji (zinazoguswa na maji ya kupozea injini), unazichomoa na kuweka seti mpya na pistoni zake na ringi, mchongaji humuhitaji. Angalia tu gasketi za chini ya slivu na kimo chake juu ya bloku kama kitabu kinavyosema. Na kama unatoa hedi tu bila kubadili slivu, usizungushe krenki kabla hujazibana kwa bolti na washa pana, zitanyanyuka na maji yatashuka kwenye oili.