Weusi wa wino mmoja: kusafisha faili kabla ya kutoa pleti

SWALI: Nimepanga kijitabu cha kurasa 48 cha chama chetu cha kuweka na kukopa. Jalada ni la rangi, kurasa za ndani ni za wino mweusi peke yake. Maandishi nililetewa katika Word nikayapanga kwenye InDesign, na michoro niliichora kwenye Illustrator. Kiwanda cha uchapaji kimenirudishia PDF kikisema weusi wangu ni wa wino nne, ilhali kwenye kioo cha kompyuta naona nyeusi tupu. Nifanyeje bila kuanza upya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, waliokurudishia faili wamekutendea wema, kwa kuwa wapo ambao wangetoa pleti (bamba la kuchapia, moja kwa kila wino) ya nyeusi peke yake, wakachapa, kisha wakakuachia lawama za mteja.

Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, na nyeusi yake ni sifuri katika zote tatu. Rangi hiyo inapogeuzwa kuwa ya wino, programu hutafuta giza linalolingana nayo na kuligawa kwenye sayani, majenta, njano na nyeusi. Kwa mpangilio ambao Photoshop huja nao, matokeo huwa takriban 75, 68, 67 na 90, yaani jumla ya asilimia 300 ya wino kwenye herufi ndogo ya pointi 9. Tazama hiyo 90 ya mwisho. Kiwanda kikitoa pleti ya nyeusi tu, herufi zako hazitachapwa kwa wino uliojaa bali kwa vinukta, na kingo zake zitaonekana zimemung'unywa. Kikitoa pleti zote nne, kila rangi italazimika kutua pale pale ilipotua nyingine, kwenye mstari wa herufi ambao pengine unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi ikinyonya unyevu na kutanuka kidogo, rejista, yaani kulingana kwa pleti moja juu ya nyingine, inahama, na msomaji anaona herufi zenye ukingo mwekundu au wa buluu.

Anza kwa kulitafuta kosa kwenye PDF yenyewe. Katika Acrobat Pro fungua "Output Preview", kisha uzime wino wa nyeusi. Kila kinachobaki kwenye ukurasa wa ndani ni weusi wa mchanganyiko. Ukipitisha kishale juu yake utasoma asilimia za kila wino.

Kisha rudi kwenye faili za asili, kwani marekebisho ya PDF hupotea mara utakapoitoa upya. Kwenye InDesign angalia orodha ya rangi. Maandishi ya Word mara nyingi huja na rangi yao wenyewe, yenye jina kama "Word_R0_G0_B0", ambayo kwa macho haitofautiani na nyeusi ya InDesign iitwayo "[Black]". Ifute, na programu itakapouliza ibadilishwe kwa ipi, chagua "[Black]". Maandishi yote yaliyoitumia yatageuka kwa mara moja. Usije ukachagua "[Registration]", maana hiyo ni ya alama za kukatia na hujaza wino kwenye kila pleti. Kwenye Illustrator hakikisha kwanza faili iko katika rangi za wino, chagua umbo moja jeusi, amuru programu ichague yote yenye rangi ya ujazo kama hiyo, kisha andika sifuri, sifuri, sifuri na 100. Rudia kwa mistari ya nje, ambayo wengi huisahau. Kijivu nacho kiwe asilimia ya nyeusi peke yake.

Picha za kurasa za ndani zigeuze kuwa za kijivu, basi.

Mtego mwingine uko kwenye kutoa PDF. Ukiagiza rangi zote zigeuzwe kufuata wasifu mwingine wa wino (maelezo ya jinsi mashine na karatasi fulani hutoa rangi), ile 100 uliyoisafisha huweza kugawanywa tena kwenye wino nne. Chagua njia inayohifadhi namba, yaani "Preserve Numbers". Kama faili asili huna, "Convert Colors" ya Acrobat ina chaguo la "Preserve Black" linalozuia nyeusi ya kioo isigeuzwe mchanganyiko. Ikiwa imeshageuzwa, tumia marekebisho ya "Preflight", sehemu ya Acrobat ya kukagua na kurekebisha faili kabla ya kuchapwa.

Jalada usiliguse kwa pupa. Picha ya rangi inahitaji wino zote nne kwenye vivuli vyake, na eneo kubwa jeusi likichapwa kwa wino mmoja huonekana limepauka, hivyo mimi hulitilia mfano wa sayani 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100, baada ya kukiuliza kiwanda kiwango cha wino ambacho karatasi yao inahimili. Maandishi madogo na msimbo wa mistari wa jalada vibaki nyeusi 100 peke yake. Herufi nyeusi zilizo juu ya rangi zichapwe juu yake bila kuitoboa, yaani bila kuacha nafasi nyeupe chini ya herufi, vinginevyo rejista ikihama kidogo utaona uzi mweupe pembeni.

Ukishatoa PDF mpya, zima tena wino wa nyeusi na upitie kurasa zote za ndani. Kila moja iwe nyeupe kabisa, hata namba ya ukurasa isionekane.